Nani Aonwe Kwanza? Safari ya Triaji Kutoka Uwanja wa Vita Hadi Mlango wa Kasualti

Kwa miaka mingi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, mtoto aliyeletwa kuchanjwa na mtoto aliyeletwa akiwa hoi walipita mlango mmoja. Kliniki ya watoto wa chini ya miaka 5 ilibeba mzigo wote: chanjo, wagonjwa wa nje na dharura. Mama alifika, akashika nafasi yake kwenye foleni, akampakata mwanawe na kungoja zamu. Foleni ilijua jambo moja tu, nani alitangulia kufika. Miongoni mwa watoto waliolazwa hospitalini hapo, waliofariki walikuwa kati ya asilimia 10 na 18.

Kisha utaratibu ukabadilishwa. Wauguzi na madaktari, wakiongozwa na daktari wa watoto Elizabeth Molyneux, walipanga upya njia ya mgonjwa tangu anapoingia, wakawafundisha wafanyakazi kutambua dalili za hatari, na wakahakikisha kila mtoto anatazamwa anapofika, kabla hajaambiwa akae. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO): vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa vimeshuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Hapakuwa na dawa mpya ya ajabu wala mashine ya mamilioni nyuma ya mafanikio hayo. Kilichobadilika zaidi ni jibu la swali ambalo kila hospitali hulijibu kila siku, iwe inajua au haijui: nani aonwe kwanza?

Kazi ya kulijibu swali hilo ndiyo triaji. Leo katika hospitali nyingi duniani anayeifanya ni muuguzi, mara nyingi akiwa amesimama, mbele ya umati wa ndugu wenye hofu, kwa dakika chache kwa kila mgonjwa. Historia ya kazi hiyo ina zaidi ya miaka 200, na njia iliyopitia hadi kumfikia inaeleza mengi kuhusu jinsi inavyopaswa kufanywa.

Mwanzo wake ni vita. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 18, askari aliyejeruhiwa alibaki alipoangukia hadi mapigano yatulie, huku magari ya kubebea majeruhi yakiwekwa mbali nyuma ya jeshi. Wengi walikuwa wamekwisha kufa yalipowafikia. Mwaka 1792, Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji kijana wa jeshi la Ufaransa, aliyaona hayo kwenye mapigano ya eneo la mto Rhine, akabuni magari mepesi ya farasi ya kuwafuata majeruhi wakati risasi bado zinalia. Baadaye akawa mpasuaji mkuu wa majeshi ya Napoleon. Katika vita vya Borodino, Urusi, Septemba 1812, alikata viungo vya watu wapatao 200 kwa mikono yake ndani ya siku moja.

Lakini kilichomweka Larrey kwenye historia hii ni kanuni aliyoiandika katika kumbukumbu za vita hivyo: aliyejeruhiwa vibaya zaidi ndiye atangulie kutibiwa, pasipo kuangalia cheo chake. Jenerali mwenye mkwaruzo angoje, na askari wa kawaida aliyepasuliwa paja apandishwe mezani. Kwa jeshi la wakati ule, ambamo cheo kiliamua hata mtu ale nini na alale wapi, huko kulikuwa kuvunja mwiko. Napoleon mwenyewe alimthamini mno hata akamwachia faranga 100,000 katika wosia wake, akimtaja kuwa mtu mwema kuliko wote aliopata kuwajua.

Sipendi kumpamba Larrey kupita kiasi, kwa sababu majeshi hayakuifuata kanuni yake kwa ukamilifu. Jeshi lina hesabu zake. Mwaka 1846, John Wilson, daktari wa wanamaji wa Uingereza, alitoa hoja kwamba mpasuaji awashughulikie kwanza wale ambao upasuaji utawaokoa kweli, na awaache kando wenye majeraha madogo pamoja na wale wasioweza kupona. Na kufikia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, neno triaji lilipokwisha kuzoeleka katika tiba za kijeshi, kusudi mojawapo la kupanga majeruhi lilikuwa kuwarudisha mapema mstari wa mbele wale wanaoweza kushika bunduki tena. Hivyo tangu mwanzo triaji ilikuwa na mabwana wawili: haja ya mgonjwa na haja ya jeshi. Haja hizo zilipogongana, mgonjwa hakushinda kila mara.

Kwa habari ya wauguzi, mahali pa kutua ni Sevastopol, mji wa bandari wa rasi ya Krimea uliozingirwa na majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Uturuki kuanzia mwaka 1854. Kila mtu amesikia habari za Florence Nightingale, aliyefika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38. Wachache wamesikia yaliyotokea upande wa pili wa vita hivyohivyo, katika hospitali za Warusi.

Mwezi huohuo wa Novemba, mpasuaji Nikolai Pirogov aliwasili Sevastopol. Alikuta majeruhi wamerundikwa ovyo, anayekufa akiwa ubavuni mwa aliyechubuka, na madaktari wakikimbilia yeyote anayepiga kelele kwa nguvu. Saa za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani, zilipotea hivyo. Pirogov alikuwa mtu wa sayansi, miongoni mwa wa kwanza kutumia dawa ya usingizi ya etha vitani, mwaka 1847. Hata hivyo aliandika baadaye kwamba katika vita, mpangilio mzuri huokoa maisha kuliko upasuaji. Akaamuru kwamba asipasuliwe mtu kabla majeruhi wote hawajapangwa. Aliwagawa katika makundi matano, kuanzia wasio na tumaini la kupona, wanaohitaji kisu papo hapo, wanaoweza kungoja, hadi wenye majeraha mepesi waliofungwa bandeji na kurudishwa kikosini.

Aliifanya kazi hiyo pamoja na masista wa Jumuiya ya Kuinuliwa kwa Msalaba, iliyoanzishwa mwaka huo mjini St. Petersburg na Elena Pavlovna, mwanamke wa ukoo wa kifalme. Kituo kikuu cha kufunga majeraha kilikuwa ukumbi wa makabaila wa mji, jumba lililojengwa kwa ajili ya dansi na karamu. Hapo ndipo machela zilipoteremshwa usiku kucha wakati wa mashambulizi, na masista wakashiriki katika kuwapokea majeruhi na kuwapeleka kila mmoja mahali pa kundi lake. Miongoni mwao alikuwa Ekaterina Bakunina, binti wa familia ya hali ya juu aliyekaa na majeruhi kwenye mji huo uliokuwa ukipigwa mizinga. Wale ambao madaktari walikuwa wamewakatia tamaa walipelekwa kwenye nyumba ya jirani na kukabidhiwa masista.

Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Kupanga watu kwa uzito wa hali kuna upande wake mchungu: pakiwa na majeruhi 500 na meza tatu za kupasulia, mtu fulani ataambiwa hatapandishwa mezani. Pirogov aliliandika hilo kwenye utaratibu wake, lakini waliokaa chumbani na waliohukumiwa hivyo, wakiwapa maji na kuwasikiliza hadi pumzi ya mwisho, walikuwa wauguzi.

Mantiki hiyo ya Sevastopol haitumiki siku ya kawaida hospitalini. Hurudi siku ya maafa. Nairobi iliijua tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, likaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, wengi wao kwa vioo vilivyopasuka madirishani. Majeruhi walifika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali nyingine kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi. Katika maafa ya namna hiyo wanaotangulia mlangoni mara nyingi ni wale walioweza kutembea au kubebwa upesi, na walioumia zaidi hufuata nyuma wakiwa bado wanachimbuliwa kwenye vifusi. Hospitali ikijaza vitanda kwa wa kwanza kufika, wa pili watakosa pa kulala. Siku ya kawaida ni tofauti: mahututi hutangulia kila wakati, hata kama tumaini la kupona ni dogo, na hakuna anayewekwa kando ili afe.

Jambo la kushangaza ni kwamba hospitali za kiraia zilichelewa mno kujifunza kutoka vitani. Kwa zaidi ya karne moja baada ya Larrey, hospitali ya mjini iliendelea na foleni yake. Sababu mojawapo ni kwamba wenye uwezo hawakuikalia foleni hiyo: daktari aliwafuata nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ikageuka. Nchini Marekani madaktari wa kutembelea majumba walipungua, hospitali zikaongezeka, na watu wakaanza kuingia kupitia mlango wa dharura hata kwa mafua. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya majeruhi wachache wa ajali kikafurika. Mwaka 1964, Richard Weinerman na wenzake wa Yale, New Haven, walichapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya namna triaji inavyoweza kufanywa katika idara ya dharura ya kiraia. Kwa muda mrefu baadaye Wamarekani walitumia makundi matatu: dharura hasa, anayehitaji haraka, na anayeweza kungoja.

Kazi ikawaangukia wauguzi kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyefanya kazi wodini. Daktari akisimama mlangoni, ndani kunapungua daktari. Muuguzi yupo mchana na usiku, na mafunzo yake yote ni ya kumtazama mgonjwa na kuona mabadiliko. Mwaka 1970, wauguzi wawili wa Marekani, Anita Dorr na Judith Kelleher, walianzisha chama cha wauguzi wa idara za dharura, na uuguzi wa dharura ukaanza kuhesabiwa kuwa fani yenye elimu yake na viwango vyake.

Hata hivyo makundi matatu yalikuwa machache. Kundi la katikati lilimeza kila mtu, mwenye maumivu ya kifua pamoja na mwenye mguu ulioteguka. Waaustralia ndio waliosukuma mbele mfumo wa ngazi tano. Utafiti wa Gerry FitzGerald katika hospitali ya Ipswich, Queensland, ulizaa kipimo kilichofanywa cha taifa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2000 kinatumika Australia na New Zealand kikiwa na muda wa kila ngazi: papo hapo, dakika 10, 30, 60 na 120. Kanada ikatoa kipimo chake mwaka 1999. Huko Uingereza, wauguzi na madaktari wa Manchester walianza kukutana mwaka 1994 baada ya kugundua kwamba kila hospitali ya mji wao ilitumia maneno yake na muda wake, hata muuguzi akihamia hospitali ya mtaa wa pili ilimbidi ajifunze upya.

Mchango mkubwa wa Manchester ni kuacha kumtaka muuguzi abashiri ugonjwa. Mfumo wao huanza na kile mgonjwa anacholalamikia, kama kuumwa kichwa, kuanguka au kushindwa kupumua, kisha unauliza maswali kuanzia lililo zito kuliko yote kushuka chini. Njia ya hewa iko wazi? Anavuja damu nyingi? Ana fahamu? Jibu la kwanza linaloonyesha hatari likipatikana, rangi ya ngazi yake imepatikana na maswali yameisha. Muuguzi wa triaji hatafuti jina la ugonjwa. Anatafuta ni muda gani mgonjwa huyu anaweza kukaa kwenye benchi bila kudhurika.

Mifumo hiyo ilitungwa kwa hospitali zenye wauguzi wenye shahada na madaktari wa kutosha. Cape Town ilikuwa na hali nyingine: hospitali zenye majeruhi wengi wa visu, risasi na ajali za barabarani, kifua kikuu na UKIMWI, na mlangoni mara nyingi yuko muuguzi msaidizi mwenye mafunzo mafupi. Mwaka 2004 kikundi cha wataalamu wa huko, akiwemo daktari Lee Wallis, kilikaa kutunga kipimo cha mazingira hayo. Kilianza kutumika katika jimbo la Western Cape mwaka 2006, kikaenea na kujulikana kama Kipimo cha Triaji cha Afrika Kusini. Kimetumika Botswana na Ghana, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limekipeleka katika nchi kadhaa linakofanya kazi. Kwangu mimi huu ni mmoja wa michango mikubwa ya Afrika katika tiba ya dharura, na unastahili kujulikana na wasomaji wetu kuliko unavyojulikana.

Nguvu yake ni kwamba humpa muuguzi kitu cha kuhesabu. Vipimo ni saba: mgonjwa anatembeaje, anapumua mara ngapi kwa dakika, moyo unapiga mara ngapi, presha ya juu ni ngapi, joto, fahamu, na kama ameumia. Kila kimoja kina alama kati ya 0 na 3, na jumla ndiyo rangi. Alama 7 na zaidi ni nyekundu, aonwe papo hapo. 5 au 6 ni rangi ya chungwa, ndani ya dakika 10. 3 au 4 ni njano, ndani ya saa moja. Chini ya hapo ni kijani, anaweza kungoja hadi saa nne.

Tufuate mfano mmoja hatua kwa hatua. Saa mbili usiku vijana wawili wanafikishwa kasualti baada ya bodaboda zao kugongana. Wa kwanza ameingia kwa miguu yake, kidole cha mkono kimeteguka, na anafoka: "Sista, mimi ndiye niliyefika mwanzo, mbona sionwi?" Anatembea mwenyewe, 0. Anapumua mara 18, alama 1. Moyo unapiga mara 104, alama 1. Presha 130, joto la kawaida, fahamu timamu, zote 0. Ameumia, alama 1. Jumla 3, njano. Wa pili ameegemea bega la nduguye na hasemi sana. Akiulizwa anajibu, "Tumbo tu, linauma kidogo." Anatembea kwa kushikwa, alama 1. Anapumua mara 24, alama 2. Moyo mara 118, alama 2. Presha 112, alama 0. Joto na fahamu, 0. Ameumia, 1. Jumla 6, rangi ya chungwa. Anapitishwa mbele ya mwenzake ndani ya dakika 10.

Atazame msomaji hiyo presha ya 112. Kwa jicho la mtu wa kawaida, na hata la mhudumu mwenye haraka, kijana yuko salama. Lakini mwili wa kijana ukivuja damu ndani ya tumbo huishikilia presha kwa kukimbiza moyo na pumzi, na presha ikija kushuka, muda umekwisha kupotea. Ile pumzi ya 24, ambayo haihitaji mashine yoyote bali kutazama kifua na saa kwa dakika nzima, ndiyo iliyosema kweli. Katika wodi zenye shughuli nyingi ndicho kipimo kinachorukwa au kuandikwa kwa kukisia kuliko vyote.

Waliotunga kipimo walijua pia kwamba hesabu haitoshi. Mtu mwenye maumivu ya kifua anaweza kupata alama 1 na moyo wake uko hatarini, kwa hiyo ipo orodha ya dalili zinazompandisha mgonjwa moja kwa moja: maumivu ya kifua, kutapika damu mbichi, sumu, mjamzito mwenye maumivu ya tumbo na nyinginezo. Anayetetemeka kwa degedege wakati huohuo ni mwekundu bila hesabu yoyote. Na mwisho kabisa kipimo kinamruhusu mhudumu mwandamizi kubadili rangi akiona karatasi imekosea.

Ruhusa hiyo ya mwisho inatambua jambo ambalo Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa Marekani, alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu namna muuguzi anavyokua kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Mwanagenzi hufuata kanuni moja baada ya nyingine. Bingwa huona hali nzima kwa mara moja, kwa sababu ameona mamia kama hiyo. Muuguzi mzoefu wa mlangoni huanza kazi kabla mgonjwa hajafika kwenye kiti: anatazama anavyotembea, rangi ya midomo, jasho, mtoto anavyolala begani kwa mama, kama ananyonya na kufuata kwa macho au kichwa kimelegea. Kisha ndipo anachukua vipimo, na vipimo vikipingana na jicho lake, anarudia.

Katika triaji ya watoto ya WHO, ileile iliyojaribiwa Malawi na kufundishwa leo Kenya, Rwanda na kwingineko, mkono wa muuguzi hufanya kazi kubwa. Anashika kiganja cha mtoto: ni baridi? Anabana ukucha hadi uwe mweupe, anaachia, anahesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mapigo yakiwa dhaifu na ya haraka, mtoto huyo yuko katika mshtuko na hapaswi kungoja chochote. Anabana ngozi ya tumbo ya mwenye kuhara aone inarudi polepole kiasi gani. Hakuna katika hayo kinachohitaji umeme.

Jicho hilohilo la uzoefu linaweza pia kudanganya, na historia ya triaji haiwezi kusemwa kwa haki bila kutaja lilipodanganya. Septemba 2008, mwanamume wa jamii ya wenyeji wa Kanada, aliyekatwa miguu yote miwili, alifika kwa kiti cha magurudumu katika idara ya dharura ya hospitali moja kubwa mjini Winnipeg. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba na alikuwa na maambukizi ya kibofu, tatizo linalotibika. Alizungumza na mhudumu alipofika, lakini hakuandikishwa. Alikaa humo saa 34, akafia kwenye kiti chake. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba baadhi ya wafanyakazi waliomwona walidhani amelewa, au hana makazi na amekuja kujihifadhi na baridi. Kanada ilikuwa na kipimo cha ngazi tano tangu mwaka 1999, lakini kipimo hakimsaidii mtu ambaye hakupimwa.

Na mwaka 2009 ripoti ya wakaguzi wa afya wa Uingereza kuhusu hospitali ya Stafford ilieleza kuwa wagonjwa wa dharura walikuwa wakitazamwa kwanza na makarani wa mapokezi wasio na mafunzo ya tiba. Nchi tajiri, yenye vitabu vya Manchester rafuni, na mlangoni hayuko muuguzi.

Tanzania ilipiga hatua yake kubwa mwaka 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua Idara ya Magonjwa ya Dharura kwa ushirikiano wa Serikali na mfuko wa Abbott, idara kamili ya kwanza ya namna hiyo katika hospitali ya umma nchini. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa tiba ya dharura, na wa kwanza wakahitimu 2013. Katika idara kama hiyo, mgonjwa hukutana kwanza na muuguzi wa triaji, na ndipo inapoamuliwa aende chumba cha kufufulia au akae angoje.

Lakini sehemu kubwa ya watu wetu haifiki Muhimbili. Inafika hospitali ya wilaya na kituo cha afya, na huko bado ipo milango ambako kitu cha kwanza kuulizwa ni kadi. WHO, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na Madaktari Wasio na Mipaka wametoa kipimo chepesi cha rangi tatu tu, nyekundu, njano na kijani, ambacho kituo chochote kinaweza kukianza kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Kinachohitajika zaidi ni uamuzi wa mkuu wa kituo. Amweke mlangoni muuguzi mwandamizi, si yule aliyeripoti kazini wiki jana. Ampe saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, mashine ya presha inayofanya kazi na mtu wa kumsaidia kubeba. Asimwachie wagonjwa wote peke yake usiku. Na mheshimiwa akipiga simu kutaka ndugu yake apitishwe, mkuu huyo asimame upande wa muuguzi.

Kwetu sisi tunaoleta wagonjwa, kuna ya kufanya pia. Ukifika, usianze na habari ndefu ya ugonjwa ulivyoanza wiki iliyopita. Mwambie sista kwanza kilichobadilika leo: amezimia, ameshindwa kupumua, amekataa kunyonya, ameanza kutapika damu, ni mjamzito, amekunywa sumu. Ukipitwa na aliyekuja baada yako, jua kuna kitu muuguzi amekiona kwake. Na ukiwa umekaa ukingoja, mtazame mgonjwa wako. Rangi aliyopewa saa mbili si lazima iwe rangi yake saa tatu. Akibadilika, inuka urudi kwa muuguzi umwambie apimwe tena, na usione haya kufanya hivyo.